Meza ya karakana inayoyumba: skrubu, gundi, boliti, au ulimi na tundu?

Mwanagenzi
Habari zenu, mafundi. Meza ninayofanyia kazi nyumbani niliiunga kwa skrubu peke yake, na ilipokuwa mpya ilisimama imara. Sasa kila ninapopiga randa inayumba kwa urefu wake, na ukiweka kidole pale mguu unapokutana na upau wa kando, unahisi mwanya ukifunguka na kujifunga. Nakusudia kuiunda upya kwa mbao laini zenye unene wa milimita 45, na nitafunga jiliwa (kifaa cha kubania mbao mezani) upande wa kushoto. Nazipima njia nne: skrubu nene zaidi, gundi pamoja na skrubu, boliti na nati, au ulimi na tundu, yaani ncha ya upau iliyopunguzwa iingie katika tundu lililochimbwa mguuni. Nina msumeno wa mkono, patasi mbili, keekee ya umeme na vibanio vinne. Ipi inamfaa mtu ambaye bado anajifunza?

Msumeno Mtulivu
Ndugu Mwanagenzi, tazama kwanza skrubu zako ziliingia wapi. Ikiwa zilipita kwenye mguu zikazama katika kichwa cha upau, yaani pale nyuzi za mbao zinapoishia, ugonjwa ni huo. Skrubu inayoingia kwa kuzikata nyuzi hushika vizuri, lakini inayoingia sambamba nazo huzichana na kuzitenganisha, na kila msukumo wa randa hulipanua tundu lake. Kuongeza unene hakutibu hilo, na usipotoboa kwanza tundu la kuongozea, lenye kipenyo cha kiini cha skrubu bila meno yake, huenda ukaupasua upau. Njia ya kwanza iondoe.

Gundi Mbichi
Nakubali, ila gundi isihukumiwe pamoja na skrubu. Gundi nyeupe ya mbao ikikutanisha mbavu mbili, yaani pande za kando za mbao, zilizopigwa randa vizuri, mara nyingi mbao ndiyo huvunjika kabla ya kiungo. Inaposhindwa ni kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu nyuzi zilizokatwa huifyonza kama mirija na kuacha kiungo kikavu. Kwa hiyo usiunge kichwa kwa ubavu. Chonga mguu na upau kila kimoja hadi nusu ya unene wake, uvilaze kimoja juu ya kingine, paka gundi, kisha ukaze skrubu mbili. Ukibana, angalia matone madogo yanavyojitokeza kwenye mstari wote wa kiungo, kwani pasipotoka tone huenda gundi haikufika. Acha vibanio kwa muda wa saa moja, na usiitwishe meza mzigo kabla ya saa 24.

Bi Patasi
Gundi Mbichi amesema kweli, nami naongeza tahadhari moja. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, ilhali kwa urefu karibu haibadiliki. Ukizigundisha mbili kwa kupishana kama msalaba, kila moja huivuta nyenzake. Kwa upau mwembamba madhara ni madogo, lakini upau ukiwa mpana kiungo huchoka.

Mimi ningechagua ulimi na tundu bila kusita, kwa sababu randa husukuma kwa ulalo, na kinachoupinga msukumo huo ni mabega ya ulimi, yaani kingo za upau zinazobaki kuuzunguka, yaliyokaa sawasawa kwenye uso wa mguu. Kwa unene wako, ulimi uwe thuluthi moja, yaani milimita 15. Chimba tundu kwanza, kisha punguza ulimi kidogo kidogo mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, umebana kupita kiasi na utaupasua mguu. Ukiingia wenyewe na kutoka wenyewe, gundi haitauokoa.

Mzee wa Jiliwa
Wanangu, mmeisahau boliti. Meza yangu ya kwanza niliigundisha yote, na siku ya kuhama haikupita mlangoni. Nilivikata kwa msumeno viungo nilivyovihangaikia wiki mbili, na iliniuma. Tangu hapo pau ndefu nazifunga kwa boliti inayopita kwenye mguu na kuingia katika kichwa cha upau, nayo nati hukaa ndani ya kitundu kilichochimbwa ubavuni mwa upau. Weka washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu), na uchonge mguuni kiota kifupi cha kupokea upau ili uzito uukalie mguu na usiielemee boliti. Mbao ikisinyaa, unakaza kwa spana na mtikisiko unakwisha. Gundi iliyoachia huwezi kuikaza.

Mwanagenzi
Shikamoo, Mzee, na asanteni nyote. Basi fremu mbili za ncha nitaziunga kwa ulimi na tundu na gundi, na pau ndefu nitazifunga kwa boliti. Bi Patasi, wasiwasi wangu ni mabega kutokaa sawa.

Bi Patasi
Usiyachore kwa penseli. Weka guni (kipimo cha pembe mraba), upitishe ncha ya kisu pande zote nne, kisha utoe kipande chembamba cha mbao kwa patasi upande unaotupwa, ili msumeno upate mfereji wa kuufuata. Fanya viungo viwili vya majaribio kwenye vipande vilivyobaki kabla ya kugusa miguu yenyewe.

Msumeno Mtulivu
Na uso wa meza usiugundishe kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu kutoka chini, na matundu ya kwenye pau yarefushe kuelekea upana wa meza, ili mbao ipate nafasi ya kutanuka.