Kijana kaja na daftari la gereji alotoka, binamu yangu anasema tulichukue kama McLaren 2007. Naomba ushauri

FundiVespa_Fuoni:
Asalaam alaykum jamani. Naomba ushauri wa haraka mana suala hili lishaanza kututia maneno mie na binamu yangu, na sitaki tufike huko.

Tuna gereji ndogo ya Vespa na pikipiki hapa Fuoni. Wiki hii kaja kijana anatafuta kazi, katoka kwenye gereji nyengine kubwa kuliko yetu. Kazi anaijua wallahi, nimempa kabureta ya Vespa kaifungua mbele yangu, jeti kaitoa, kaitizama kwenye jua, kaipuliza, kaangalia na sindano imelika upande gani kabla hata sijamwambia Vespa yenyewe ina tatizo gani. Shida ni kuwa kaja na daftari na daftari si lake, ni la bosi wake wa zamani. Ndani mna wateja na namba zao za simu, spea zinatoka duka gani Dar na kwa bei gani, na kurasa kadhaa za vipimo vya silinda na ekzosi mana yule bwana anajulikana kwa kuzifanya Vespa za zamani zikimbie.

Binamu yangu anataka tulichukue, na hoja yake ndo ilonileta hapa. Yeye ni mtu wa langalanga, hizi mbio za Formula 1, toka utotoni. Anasema timu ya McLaren 2006 hawakushinda hata mbio moja, 2007 wakapata siri za wapinzani wao Ferrari wakashinda nane, kwa hiyo siri ndo zilowanyanyua na baya lao ni kukamatwa tu. Mie langalanga naitizama lakini si kwa undani huo nikakosa la kumjibu, ila moyo umekataa. Mnaojua nambieni, kweli McLaren walipanda kwa zile siri? Na mngekuwa nyie mngelifanya nini na hili daftari? Kijana ana mke na mtoto, anasubiri jibu, sitaki kumuweka.

Mzee_wa_Malindi:
Wa alaykum salaam. Hesabu za binamu yako ziko sawa, 2006 McLaren walitoka kapa na 2007 walishinda nane kati ya kumi na saba, Ferrari wakachukua tisa. Ila mwambie atizame tarehe. Gari ya 2007 ile MP4-22 ilizinduliwa Januari kule Valencia. Dereva wao Alonso kashinda Malaysia tarehe 8 Aprili. Lile furushi la kurasa 780 Nigel Stepney wa Ferrari kampa Mike Coughlan, mchoraji mkuu wa McLaren, mwisho wa Aprili kule Hispania. Gari ishachorwa ishajengwa na ishashinda mbio kabla furushi halijafika, sasa vipi furushi ndo liwe limeijenga?

Halafu mkumbushe walivyojulikana, mana hapo ndo penye darsa lenu. Coughlan kampa mkewe zile karatasi akazipeleke duka la kopi la mtaani, huko Surrey wanakokaa, zitiwe kwenye sidii. Basi. Mfanyakazi wa duka kuona karatasi za Ferrari zile kurasa mia saba na ushei, kawaandikia Ferrari wenyewe barua pepe. Watu wakaenda kupekuliwa nyumbani. Septemba 13, 2007 FIA, wale wanaosimamia langalanga, ikawapiga McLaren faini ya dola milioni 100 na pointi zote za timu za mwaka ule zikafutwa, madereva tu ndo waloachiwa zao. Uingereza nchi kubwa na bado duka la kopi limewaumbua, sembuse hapa petu ambapo ukitoa kopi Darajani asubuhi, adhuhuri inajulikana Chukwani.

MtuWaAmani:
Mzee tarehe zako sikatai lakini umeanzia katikati. Maneno baina ya Stepney na Coughlan hayakuanza mwisho wa Aprili, Machi yalikuwa yashaanza. Pedro de la Rosa dereva wao wa majaribio alikuwa akimuuliza Coughlan kwa barua pepe Machi hiyo hiyo, uzito wa gari ya Ferrari umegawiwa vipi mbele na nyuma, halafu anampelekea Alonso, wanazungumza mpaka gesi ambayo Ferrari wanajazia tairi. Barua hizo ndo zilowatia hatiani, mana Julai FIA ilisema wamekosea lakini hakuna ushahidi kuwa wamezitumia, hawakupewa adhabu. Zilipotoka barua kesi ikarudi upya.

Na hilo la gesi si dogo. 2006 McLaren walikuwa wanatumia Michelin. Michelin wakaondoka, 2007 timu zote zikalazimika kutumia Bridgestone, na Ferrari ndo waliokuwa na Bridgestone miaka yote ile wanaijua nje ndani. Sasa wewe mgeni wa tairi, mtu anakwambia mwenyeji anaijaza nini, hujapunguziwa kazi hapo? Mie naona binamu ana haki yake, siri zina faida tusidanganyane.

Mzee_wa_Malindi:
Faida sikatai bwana, nakataa kuwa ndo zilizowapandisha. Na tukisema ukweli, siri ilowafaa zaidi si ya kuifanya gari yao ikimbie. Ni ile ya sakafu. Stepney kawapa habari ya sakafu ya Ferrari inavyopinda gari ikiwa kasi, McLaren wakaenda kuiuliza FIA kama kitu hicho kinaruhusiwa. Räikkönen wa Ferrari kashinda Australia na sakafu ile, baada ya hapo FIA ikakaza kipimo Ferrari wakabidi waibadilishe. Yaani siri imemteremsha mwenzako, wewe hujapanda hata hatua.

KaskaziWete:
Huku Pemba tunaisoma hii uzi hatulali 

Mbona hakuna aliyetaja watu? 2007 McLaren wamempata Alonso bingwa wa 2005 na 2006 na wamemuingiza Lewis Hamilton mwaka wake wa kwanza. Timu ilikuwa na madereva wawili waliomaliza na pointi 109 kila mmoja! Räikkönen kachukua ubingwa kwa 110. Na aliyekuwa bingwa, Renault, kaporomoka mwaka ule hakushinda hata mbio moja, nafasi si imefunguka yenyewe.

Sasa sikilizeni hili, binamu alisikilize zaidi. Hao hao Renault Disemba 2007 walikutwa na hatia FIA kwa kuwa na habari za siri za McLaren, fundi kahama nazo toka Septemba 2006. Hawakupewa adhabu lakini hatia walikutwa nayo. Siri za McLaren wanazo ndani ya nyumba na mwaka mzima sifuri! Toyota nao, watu wawili walotoka Ferrari walihukumiwa Italia 2007 kwa mambo ya kuhama na data, na Toyota katoka langalanga mwisho wa 2009 hajawahi kushinda mbio hata moja. Kama siri peke yake inapandisha hawa wangekuwa wapi. Ukimpa mtu tanga lilokatwa kwa ngalawa ya mwenzake, kama ngalawa yake mlingoti mfupi litampindua.

Na 2008, macho yote yako kwao, gari yao FIA wameikagua kabla msimu haujaanza, Hamilton kachukua ubingwa kwa pointi moja mbele ya Massa wa Ferrari. Siri za nani zile?

Pistoni_Chake:
Nyote mnazungumza McLaren lakini huyu ndugu ni fundi Vespa, tustroki, injini ya mipigo miwili. Kisa chake si cha McLaren, ni cha Ernst Degner, na nasikitika kusema kisa hichi kinamsaidia binamu.

Ujerumani Mashariki palikuwa na kiwanda cha pikipiki MZ, pana mhandisi anaitwa Walter Kaaden. Huyu ndo alofanya tustroki ndogo itoe nguvu ambayo hakuna mtu duniani alikuwa nayo. Njia ya kuingiza mafuta anaifungua na kuifunga kwa sahani inayozunguka, na ekzosi anaitia tumbo katikati, pana kisha inabana, ule mshindo wa moshi ukifika kwenye kibano unarudi nyuma unausukuma mchanganyiko uliotaka kutoroka urudi ndani ya silinda kabla tundu halijafunga. Nyie mnaofungua Vespa mnajua mafuta mangapi yanapotea bure kwenye ekzosi ya kawaida, yule bwana kayarudisha bila ya kuongeza hata chuma kimoja kinachozunguka. Kila ekzosi ya tustroki ya mbio unayoiona leo yenye tumbo ina mkono wa Kaaden. Na yule hana pesa, hana vifaa, anafanya kazi kwenye banda.

Degner alikuwa dereva wake na fundi. 1961 anakaribia ubingwa wa dunia wa 125cc, Septemba kwenye mbio za Uswidi katoroka, mkewe na watoto wamevushwa kwenda Magharibi wamefichwa kwenye buti ya gari. Kaenda Hamamatsu, Japani, kwa Suzuki. Suzuki wakati huo kwenye mbio walikuwa wa nyuma kabisa. Mwaka wa pili yake tu, 1962, Suzuki bingwa wa dunia 50cc na dereva ni Degner mwenyewe. 1963 wakachukua 50 na 125 kwa Hugh Anderson. MZ hawakuwahi kupata taji la dunia, mpaka leo linanikera mana ilikuwa ni haki ya Kaaden.

Kwa hiyo mie siwezi kusema siri hazipandishi mtu. Zimepandisha kiwanda. Lakini tizameni kilichohama ni kitu gani. Kimehama kichwa cha mtu alokaa miaka na Kaaden, anajua kwa nini tumbo la ekzosi liwe refu vile, akibadilishiwa silinda anajua abadilishe nini. Wangelipata karatasi bila ya mtu wangelichonga ekzosi moja nzuri basi.

MtuWaAmani:
Pistoni hii sikuwa naijua. Swadakta. Na jengine watu wasimsahau, kule Suzuka pana kona mpaka leo inaitwa Degner.

BintiMkoani:
Mie langalanga siitizami kaka zangu, naomba niseme kama mteja. Namba yangu ya simu iko kwenye daftari la fundi wangu. Siku nitakayopigiwa na gereji nisiyoijua, "dada Vespa yako imefika wakati wa kubadilisha ringi", nitajiuliza huyu kajuaje, na kama fundi huyu anachukua namba za watu kwa mwenzake na yangu ataipeleka wapi? Nitahama nyote wawili. Vipimo vya injini sijui, lakini zile kurasa za wateja msizifungue kabisa, hizo si siri za bosi wake tu, ni amana za watu.

Na yule kijana mtizame kwa jicho la huruma lakini mtizame. Alotoka na daftari la bosi wake leo, akiondoka kwako ataondoka na nini? Pengine hajui kuwa ni kosa, vijana wengi wanaona nimefanya kazi pale miaka basi na daftari langu. Mfahamishe.

FundiVespa_Fuoni:
Ahsanteni sana. Nimemsomea binamu uzi wote kuanzia juu, hakukubali kirahisi, kashikilia ile barua ya Machi na gesi ya tairi mpaka alipofika kwa Renault akanyamaza. Ya Degner kanisomesha mara mbili. Sasa anasema basi tumchukue kijana na daftari tumrejeshee mwenyewe. Mie hapo tumekutana, lakini nauliza, vile vipimo vya silinda na ekzosi viko na kichwani mwake, nimkataze kuvitumia? Na daftari lirudi vipi bila ya kijana kuingia matatani, mana yule bosi ni mkali.

Pistoni_Chake:
Alokitia kichwani kwa mikono yake huwezi kumkataza na hakuna atakayekulaumu, fundi anahama na ufundi wake. Karatasi ndo si yake. Muweke mbele ya Vespa aichonge kwa akili yake bila ya kutizama popote, ikienda ni yenu. Akishindwa bila ya daftari basi ujue hata nalo asingelikufaa.

Mzee_wa_Malindi:
Daftari asilipeleke peke yake na wala msilitume kwa bodaboda. Nendeni naye, wewe na mtu mzima mmoja ambaye bosi anamheshimu, imamu wa msikiti wao au sheha. Kijana aseme mwenyewe nimeondoka nalo nalirejesha. Msitoe kopi, msipige picha hata ukurasa mmoja kwa simu, na mwambie bosi wazi kuwa kijana anakuja kufanya kazi kwenu ili asije akasikia kwengine.

BintiMkoani:
Na lifungeni kwenye bahasha kabla ya kutoka, lifike limefungwa.

FundiVespa_Fuoni:
Nimelitia kwenye bahasha ya kaki usiku huu na binamu ndo alotia gundi. Sheha wa kule ni rafiki wa marehemu baba, nishampigia, tunakwenda Ijumaa baada ya sala. Kijana kaogopa lakini kakubali. Jumamosi anaanza kazi, pana Vespa ya mwaka wa zamani hapa inakunywa mafuta kupita kiasi, ntampa hiyo.