Unga wa "kusafisha utumbo" na baridi yabisi ya vidole: niache dawa za hospitali?

Fundi_Bombo
Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mama wa miaka 41, nashona nguo hapa Bombo, Uganda. Tangu mwezi wa nane mwaka jana vidole vinanivimba, mikono yote miwili, na asubuhi vinakuwa vigumu kama vya mtu mwingine. Uzi hauingii kwenye tundu la sindano hata niulowanishe mate mara kumi. Kwanza nafumbata kikombe cha chai ya moto, nusu saa, siku nyingine saa nzima, ndipo vinaanza kukunjuka. Pete ya ndoa tuliitoa kwa sabuni. Hospitali walipima damu wakasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inavishambulia viungo vyenyewe. Wakanipa methotreksati, vidonge sita kila Jumapili, na asidi ya foliki.

Huu mwezi wa nne. Nafuu ipo, lakini si ya kupigia vigelegele. Ndipo shemeji yangu akaniletea video ya jamaa wa Kampala anayesema baridi yabisi yote inaanzia tumboni, kwa bakteria wabaya, na dawa za hospitali zinawamaliza wale wazuri. Anauza unga wa kusafisha utumbo, siku 21, shilingi 280,000, na sharti lake uache methotreksati kwanza. Nimeshaweka kando 150,000. Tumbo langu kweli si zuri, hasa mwezi huu: naharisha mara kwa mara, mdomoni nina vidonda, huwa nameza septrini ya duka la dawa linatulia. Nikawaza huenda jamaa ana ukweli. Mnasemaje?

Boda_Arua
Pole sana dada. Habari ya tumbo na viungo si uongo, mimi ni shahidi. Mwaka 2019 niliharisha damu siku nne. Ikapona. Kama wiki tatu baadaye goti la kushoto likavimba kama papai, kisigino kikawaka, jicho likawa jekundu. Nilijua nimerogwa. Daktari aliniuliza habari za tumbo kabla hata hajagusa goti. Kumbe Salmonella, Shigella na wenzao wanaweza kupita tumboni wakaondoka, halafu kinga ikaendelea na vita kwenye viungo. Akanipima klamidia na VVU pia, maana navyo vina uhusiano na ugonjwa wa namna hiyo. Miezi sita nachechemea, pikipiki anaendesha mdogo wangu (hesabu haletagi), kisha ikaisha. Lakini yangu ilikuwa goti moja. Yako ni vidole vya pande zote mbili, ni ugonjwa mwingine huo.

Afya_Asili256
Mama nunua unga! Mimi siku mbili tu maumivu kwisha. Hospitali wanataka uwe mteja wao wa maisha. Nifuate pembeni nikuunganishe na punguzo.

Boda_Arua
Umejiunga jana, na ujumbe wako wa kwanza ni punguzo.

Mzee_wa_Maabara
Mwanangu, nimefanya kazi maabara miaka thelathini, sasa nimestaafu, niko Lira na mbuzi wangu. Huyo wa video ameokota nusu ya habari. Mwaka 2013 watafiti wa New York walichunguza kinyesi cha wagonjwa wapya wa baridi yabisi, ambao hawajaanza dawa. Asilimia 75 walikuwa na bakteria aitwaye Prevotella copri. Kwa watu wenye afya ilikuwa kama 21. Sasa kipande asichokwambia: kwa wagonjwa wa siku nyingi, waliokuwa wanatibiwa, bakteria huyo alikutwa kwa wachache tu. Hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyomfukuza. Lakini hadithi ya dawa kuharibu tumbo haitoki hapo.

Na sisi je? Jamii ya Prevotella hupenda vyakula vya nyuzinyuzi. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa kijijini Burkina Faso na wenzao wa Florence, Italia. Wale wa kijijini, walaji wa nafaka na kunde, walijaa Prevotella, wa Florence hawakuwa nayo. Na wale watoto walikuwa wazima wa afya! Kwa hiyo mla kalo (ugali wa ulezi) na maharage wa Uganda asishangae akiambiwa anayo. Kwa mmoja ni mpangaji mwema, kwa mwingine amekutwa karibu na moto. Kama ndiye aliyeuwasha au alikuja kuota tu, bado wanabishana. Mwaka 2022 wengine kule Colorado walichukua bakteria wa jamii nyingine kabisa wakawapa panya, miguu ikavimba. Panya, si fundi cherehani.

Nikuongezee moja. Ipo dawa ya viungo inaitwa sulfasalazini, iliyobuniwa zaidi ya miaka 80 iliyopita na daktari wa kike wa Sweden, Nanna Svartz. Kidonge hicho hakifanyi kazi yake mpaka bakteria wa utumbo mpana wakivunje vipande viwili. Hao hao jamaa anaotaka kuwasafisha.

(Mkiona nazungumza kinyesi bila haya, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuja kuhubiria dunia nyuzinyuzi na ukubwa wa choo, alianzia kazi hapa Lira kabla ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Ni desturi ya mji.)

Nesi_Zamu_Usiku
Ninyi mnajadili panya, mimi nimekwama kwenye neno septrini. Mama, soma hii kabla ya yote. Septrini, yaani ile antibiotiki kotrimoksazoli, na methotreksati hazikai nyumba moja. Zote mbili zinauvuruga mwili katika kutumia foleti (vitamini ile ile ya asidi ya foliki), na septrini inaizuia figo kuitoa methotreksati. Uboho unaweza kushindwa kutengeneza chembe za damu. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huo. Vidonda mdomoni pamoja na kuharisha ndizo dalili zenyewe ninazoziogopa.

Una homa? Fizi zinatoka damu? Ngozi ina madoa ya damu? Umepimwa damu lini mara ya mwisho? Na hivyo vidonge sita ni kwa wiki, siyo kila siku, sivyo? Usimeze vya Jumapili hii kabla ya kumwona daktari wako. Nenda kesho, na ukiwa na homa nenda sasa hivi. Beba pakiti zote, na za septrini pia.

Unga unaomaliza maumivu siku mbili, mimi nashuku steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, imesagiwa humo. Nimewapokea wodini wenye uso wa mviringo kama sinia, sukari imepanda, wanaapa kwamba walikunywa majani tu.

Fundi_Bombo
Ni kwa wiki, ndiyo. Homa sina, madoa sina. Habari ya septrini hakuna aliyeniambia. Damu sijapimwa tangu waanze kunipa dawa. Jumapili ni keshokutwa, naenda kesho asubuhi.

Binti_Mbarara
Na bushera je, kile kinywaji cha ulezi au mtama kilichochachuliwa? Bibi yetu anasema inatuliza tumbo.

Mzee_wa_Maabara
Bushera ni chakula kizuri, binti. Haijawa dawa ya baridi yabisi.

Nesi_Zamu_Usiku
Na yeye asiiguse mpaka majibu ya damu yatoke. Vitu vilivyochachuliwa nyumbani, kwa mtu ambaye huenda kinga yake imeshuka, hapana.

Fundi_Bombo
Nimerudi, siku tano zimepita. Chembe nyeupe zimeshuka. Si za kutisha, alisema, lakini zimeshuka. Methotreksati imesimamishwa kwanza, foliki naendelea, septrini ameiandika kwa wino mwekundu kwenye daftari langu akaichora msalaba. Vidonda vya mdomoni vinaanza kukauka. Jumatatu narudi kupima tena, tuone ataianzisha upya kwa vidonge vingapi. Nilimuuliza habari ya bakteria. Akacheka, akasema hata yeye anazifuatilia, ila kidonge chake bado hana.

Ile 150,000 imekwenda kwenye vipimo na nauli. Zimebaki 38,000, na shemeji ananiomba nimkopeshe aongezee anunue unga, mgongo unamuuma.

Nesi_Zamu_Usiku
Mwambie kabla hajalipa akutumie picha ya pakiti, uiweke hapa.