Chupa hizi zinatoka wapi?

Mvuvi_Igombe: Wakuu, jana usiku wavu wa dagaa umepanda na ndoo nzima ya chupa na kandambili moja ya mtoto. Dagaa wenyewe sinia mbili! Si plastiki ilipigwa marufuku 2019?

MamaKirumba: Mdogo wangu, ilikatazwa mifuko, siyo chupa. Mvua ikinyesha simama darajani Mto Mirongo hapa Mwanza uone taka za mji mzima zinavyoshuka Ziwa Victoria.

Mzee_Ukerewe: Msisingizie mjini tu. Nyavu chakavu tunatupa wenyewe. Juzi nimemkuta sangara kanasa humo, kaoza, macho yameshaliwa.

Mvuvi_Igombe: Hapo umenishika, mzee. Yangu iliyochanika bado iko chini ya mtumbwi. Chupa nimejaza kiroba, namsubiri kijana anayenunua kwa kilo.