Eti Giugiaro ni "fundi cherehani"! Huyu jamaa leo kanivuruga kabisa

Wakuu, naandika mkono unatetemeka kwa hasira. Nimetoka sasa hivi kwenye kijiwe chetu cha magari ya zamani, na yule bwana (simtaji, mnamjua wote, yule wa Golf nyeupe anayetoa kitambaa mfukoni hata kivuli chako kikigusa bodi) kanitolea neno ambalo likimfikia aliyetukanwa huko Italia, Torino nzima itazima mitambo iomboleze.

Tulikuwa tunapiga stori taratibu, kahawa mkononi. Nikamwambia, mzee, hiyo Golf yako kaichora Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro. Akaegemeza kiwiko kwenye boneti, akanishusha na kunipandisha kwa macho, akasema mbele za watu: "Si ndiyo yule fundi cherehani?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Muuza kahawa ikabidi aweke birika chini.

Fundi cherehani! Na kiwiko kiko juu ya boneti ya mtu huyo huyo!

Volkswagen walikuwa wamebanwa kwelikweli, Beetle imezeeka na mrithi haonekani. Wakamfuata Giugiaro, kijana aliyefungua kampuni ya ubunifu ya Italdesign mwaka 1968 pamoja na Aldo Mantovani. Golf ikatoka 1974. Nenda kaitazame kwa ubavu: mistari imenyooka kama karatasi iliyokunjwa kwa rula, na ile nguzo nene nyuma ya mlango Volkswagen wameing'ang'ania mpaka leo. Miaka sita baadaye akawapa Fiat ile Panda, vioo vyote bapa mpaka cha mbele, ili gari liwe rahisi kutengeneza na mtu wa kipato cha chini alimudu. Huo ndio ubunifu, siyo kubandika mapambo. Mwaka 1999 akatangazwa mbunifu wa magari wa karne. Wa KARNE, wakuu! Halafu mtu anaegemea boneti na kusema fundi cherehani.

Nikajaribu kumtajia Massimo Tamburini, mbunifu wa pikipiki, na Ducati 916 yake ya 1994. Akasema "ile ni rangi nyekundu tu". Rangi! Bomba mbili za moshi zimepita chini ya kiti, gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mmoja hivyo ubavu wa pili rimu yote iko wazi. Wajapani wenyewe wakahamishia bomba chini ya kiti: Honda CBR600RR ya 2003, Yamaha R1 ya 2004. Hao nao walifuata rangi?

Lakini hilo la Ducati nitalisamehe. Kile kiwiko sitakisamehe. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa Subaru.

Kabureta Mbovu: Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa la jamaa, sijaliona. Punguza povu mkuu, kunywa maji.

Sindano na Uzi: Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanza. Kwa hiyo kuitwa fundi cherehani siku hizi ni tusi? Suruali uliyokwenda nayo kijiweni kakushonea injinia?

Mleta uzi: Dada yangu, kazi yako naiheshimu. Tena Giugiaro alibuni cherehani kweli, Necchi Logica ya 1982! Lakini yule hakusema kwa heshima. Alisema AKIWA AMEEGEMEA BONETI.

Sindano na Uzi: Kumbe jamaa alisema kweli halafu wewe ndiye unalia 😂😂

Mzee wa 504: Nyie mnagombania Golf, na Peugeot 504 nani anaililia? Mkono wa Pininfarina ule, wabunifu wa Italia. Lile buti linaloshuka kwa mkunjo hakuna sedani nyingine inayo. Safari Rally ikachukua 1975 na 1978. Leo huku Nakuru nimepishana na moja, wameing'oa injini, wanafugia kuku. Mimi ndiye wa kufungua uzi, siyo huyu.

Vumbi la Naivasha: Mzee wangu shikamoo, lakini Lancia Delta ilichukua Safari 1988, 1989 na 1991, na bodi ni ya fundi cherehani yule yule. Kaa chini.

Mzee wa 504: Marahaba. Sikai.

Bi Mdogo wa Unguja: Huku kwetu skuta zote ni Vespa, hata ikitoka Uchina. Ile ya asili ya 1946 kaibuni Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege ambaye pikipiki hata hakuzipenda, ndiyo akaifunika injini mtu asichafuke nguo. Sasa watalii wanazikodi hawajui hata breki iko wapi. Mmoja kanivunjia kioo Paje, kanambia sori, kaondoka zake. Hilo ndilo la kukasirikia.

Tairi Tatu: Dada, D'Ascanio huyo huyo ndiye aliyetoa Ape ya 1948, ya magurudumu matatu. Wahindi wakachukua leseni ya Piaggio, watengenezaji wa Vespa, na ndiyo ukoo wa hizi bajaji zetu. Sasa mimi kuna duka limeniuzia klachi pleti feki, haijamaliza hata wiki. Narudisha, ananiambia eti naendesha vibaya!

Kabureta Mbovu: Duka la ngazi ya bluu, pembeni ya mama ntilie?

Tairi Tatu: Hapo hapo! Kumbe na wewe?

Kabureta Mbovu: Mimi kaniuzia plagi. Pikipiki ikawa inawaka jua likitoka tu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Kiwiko.

Sindano na Uzi: Tairi Tatu, pesa kakurudishia?

Tairi Tatu: Kanipa nusu, nusu nyingine eti nichukue oili. Nimekwenda kuifungua, rangi kama chai ya rangi. Nani anajua duka la maana pale Gerezani, Dar?