Wino unapenya upande wa pili wa karatasi: nibadili nibu au wino?

Nukta
Wakuu, naomba ushauri. Kalamu yangu ya wino ina nibu (ncha ya kuandikia) ya M, yaani unene wa kati, ya Ulaya. Kwenye daftari la karatasi nyepesi herufi zinaota ndevu na wino unatokeza upande wa pili. Halafu nikiiacha wazi kidogo, herufi ya kwanza haitoki. Naitumia kwa notsi na kusaini nyaraka. Nianze na nibu au wino?

Kidau
Nibu. M inamwaga wino mwingi kuliko karatasi hiyo inavyoweza kubeba. Tafuta EF (nyembamba sana) ya Ulaya au F (nyembamba) ya Kijapani (Pilot, Sailor, Platinum). Za Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kwa karibu daraja moja, ila viwanda havina kipimo kimoja, kwa hiyo herufi iliyochongwa kwenye nibu isikudanganye. EF ya Kijapani kwa mkono mzito sishauri. Inakwangua nyuzi za karatasi, zinanasa kwenye mpasuko wa katikati ya nibu, na mstari unanenepa ghafla katikati ya neno.

Nibu ya dhahabu isikutie tamaa. Kinachogusa karatasi ni kipunje cha aloi ngumu kilichochomelewa kwenye ncha, na nibu nzuri za chuma cha pua zinacho pia.

Mwandiko
Kabla hajanunua nibu, abadili wino kwanza, ni rahisi zaidi. Pelikan 4001 ya bluu hutiririka kwa uchache. Iroshizuku za Pilot hutiririka sana, na kwenye karatasi nyepesi zinaonekana.

Kwa nyaraka, wino wa kawaida wa rangi ya kuyeyuka haufai: tone la maji likiangukia saini, imekwenda. Una njia mbili. Wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), mfano Platinum Carbon Black, hauoshwi na maji ukishakauka. Ubaya wake ni huohuo, maana ukikaukia ndani ya kalamu hautoki kirahisi. Wa pili ni wino wa chuma na tanini (kemikali ya mimea), mfano Pelikan 4001 Blue-Black: unaingia ukiwa hafifu, unakolea ukipata hewa. Una asidi, kwa hiyo usiuache kwenye kalamu usiyoitumia. Yoyote utakayochagua, osha kalamu kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Wino wa kuchorea wenye sheleki (aina ya vanishi) usiuguse kabisa. Unaganda kwenye mifereji chini ya nibu na kalamu imekufa.

Mpasuko
Herufi ya kwanza hamjaigusa. Funga kalamu, subiri dakika chache, fungua, andika papo hapo. Ikitoka vizuri, shida ni wino kukauka kwenye ncha. Usiiache wazi, basi. Isipotoka, ama kifuniko hakibani ama kasoro iko kwenye nibu.

Anza kwa kuosha, maana nibu mpya huweza kuwa na mafuta ya kiwandani. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, vuta na usukume kwa pampu ya kuvutia wino, kisha suuza hadi maji yatoke meupe. Maji ya moto yanapinda plastiki, spiriti inaipasua.

Ikiendelea, itazame ncha kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kingo za ndani za mpasuko zikiwa zimeviringwa kupita kiasi, wino unabaki juu bila kufika karatasini. Chora namba nane tatu au nne kwenye msasa laini wa namba 12000, bila kukandamiza, ujaribu. Ukizidisha hapo hakuna kurudi.

Nukta
Asanteni. Naweza kuchanganya Iroshizuku na 4001 ili usitiririke sana?

Mpasuko
Si ndani ya kalamu. Weka kiasi sawa kwenye kichupa cha kioo, uache siku mbili. Ukiona mashapo au utelezi, mwaga.

Kidau
Na Blue-Black ile usiichanganye na chochote.