Kasi ya santuri inayumba: nijenge kitako kipya au nishughulikie mota?

mkanda_na_puli:
Wakuu, nina mashine ya santuri inayoendeshwa kwa mkanda, mota ya DC ya volti 12. Nikipima kwa santuri ya majaribio yenye mlio wa Hz 3150 (mitikisiko 3150 kwa sekunde), napata 3118 ikiwashwa tu, na baada ya dakika 20 inafika 3166. Noti ndefu za piano zinayumba. Kitako (msingi unaobeba mashine yote) ni ubao mwembamba wa chenga, na nikiongeza sauti besi inavuma. Nikijenga kitako kizito cha plaiwudi, kasi itatulia?

fundi_sahani:
Haitatulia, mkuu. Kitako hakipangi kasi. Hapo kuna matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kupanda taratibu kutoka pungufu ya asilimia 1 hadi zaidi ya nusu asilimia mara nyingi ni mafuta ya beringi ya sahani (duara linalobeba santuri): yakiwa baridi ni mazito, yakipata joto yanalegea, na mota ya DC isiyo na kidhibiti inafuata mzigo. Futa mafuta ya zamani, weka matone 2 au 3 ya mafuta mepesi, safisha puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) na upande wa ndani wa mkanda kwa spiriti kidogo. Mkanda uliolegea badilisha. Kisha iache izunguke nusu saa, sindano ikiwa juu ya santuri (msuguano wake nao unapunguza kasi), ndipo ugeuze skrubu ya kurekebisha kasi, kidogo kidogo mno.

Kuyumba ni jambo jingine. Pima kunajirudia kila baada ya muda gani. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Kukijirudia hivyo, shuku tundu la santuri: likiwa nje ya kitovu kwa milimita 1, sindano ikiwa milimita 100 kutoka katikati, mlio unapanda na kushuka kwa asilimia 1. Kuyumba kwa haraka zaidi, mara 5 hivi kwa sekunde, kunatoka kwenye puli iliyopinda au yenye uchafu.

mkanda_na_puli:
Ni kila sekunde 1.8. Nitajuaje kama ni santuri au sahani?

fundi_sahani:
Jaribu santuri nyingine kadhaa. Kuyumba kukibaki kiasi kilekile kwa zote, angalia sahani na ekseli yake.

mbao_tatu:
Nijibu la kitako, kwa sababu kuzuia huo uvumaji ndio kazi yake halisi. Tabaka 3 za plaiwudi ya milimita 18 zinatosha. Kata matundu ya mota na mkono (unaoshika sindano) kwenye kila tabaka kabla ya kugandisha, ya chini yawe mapana zaidi ili nyaya zipite. Paka gundi uso mzima, bana kwa klampu, acha hadi kesho yake. Beringi na mkono lazima vikae kwenye ubao mmoja usiopinda. Umbali kati yake ufuate kipimo cha mtengenezaji wa mkono, usikosee hata nusu milimita. Mota ishikwe kwa raba.

Wengi wanaharibu kwenye miguu. Mkono na kichwa cha sindano vina mtikisiko wao wa asili: zidisha uzito wao (gramu) kwa ulaini wa sindano (jinsi inavyokubali kusukumwa), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha 159 gawanya kwa hicho. Gramu 17 na ulaini 15 inatoa karibu Hz 10. Sasa, miguu ya raba iliyokuwa inatikisika kwa Hz 14, ukizidisha uzito wa mashine mara mbili, inashuka hadi kama Hz 10, palepale pabaya. Hatua za mtu sakafuni zitarusha sindano. Chagua miguu laini zaidi, ifike Hz 4 au 5.

Ukimaliza, weka sindano kwenye santuri iliyosimama, mota imezimwa, pandisha sauti polepole huku ukigonga kitako kwa kidole. Mlio mfupi unaokatika ni sawa. Ukisikia mvumo unaokua wenyewe, shusha sauti haraka, kisha hamisha mashine mbali na spika kabla hujagusa mbao.