Riwaya za katuni kwa mtoto wa miaka 10: nianze na kipi?

BabaWaWawili: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 10. Tangu mdogo wake azaliwe amekuwa mkimya sana, na vitabu vya maandishi matupu anaviacha katikati. Akishika katuni, humwiti akasikia. Natafuta riwaya za katuni kuhusu kukua na mambo ya nyumbani: ndugu, wazazi, marafiki wanaokosana. Za mashujaa wanaopaa angani tunazo za kutosha. Halafu mama yake anauliza, huko nako ni kusoma?

Shangazi_Msomaji: Mpe *Sisters* ya Raina Telgemeier. Raina alitamani sana mdogo wa kike, alipompata wakawa hawaivi chungu kimoja. Wanasafiri kwa gari kutoka San Francisco hadi Colorado, na humo safarini unaanza kuona kwamba hata wazazi hawako sawa. Mpwa wangu alikisoma mara mbili mfululizo.

MwalimuWaMaktaba: Mwambie mama asiwe na shaka, ni kusoma hasa. *New Kid* ya Jerry Craft ilipata Medali ya Newbery mwaka 2020, tuzo ya vitabu vya watoto iliyoanza kutolewa Marekani mwaka 1922, na ndiyo riwaya ya katuni ya kwanza kuipata.

Ila mimi ningeanza na *El Deafo* ya Cece Bell. Mwandishi anasimulia utoto wake mwenyewe: aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akapoteza uwezo wa kusikia. Wahusika wote kawachora kama sungura, na masikio yao marefu! Sasa tazama vile viputo vya maneno. Cece asiposikia, kiputo kipo lakini ndani ni kitupu. Betri za kifaa chake cha kumsaidia kusikia zikianza kuisha, maandishi yanafifia mpaka yanapotea. Hakuna anayemweleza msomaji kinachotokea, macho yake yenyewe yanamwambia. Mtoto anayekatiza kurasa kama hizo amefanya kazi kubwa ya kusoma, na mimi nikimwona amerudi nyuma kuangalia tena huwa nafurahi kweli.

Baada ya hapo, *When Stars Are Scattered* ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed. Omar ndiye mwenye maisha hayo: alikulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, akimlea mdogo wake Hassan, ambaye ana kifafa na hutamka neno moja tu. Anapopata nafasi ya kwenda shule, swali linalomkaba ni nani atabaki na Hassan. Binti yako aliyepata mdogo juzijuzi ataielewa shida hiyo haraka kuliko sisi wakubwa.

Tafadhali, usimpe mtihani kila akimaliza sura. Mwulize tu ni ukurasa gani aliurudia.

BabaWaWawili: Ahsante sana mwalimu, na wewe shangazi. Hicho cha Dadaab hakitamwumiza?

MwalimuWaMaktaba: Kina majonzi, sikufichi. Baba yao aliuawa, na mama yao walipotezana naye vitani. Lakini kuna michezo, marafiki, na Fatuma, mama mzee anayewalea kwa upendo mkubwa. Kisome wewe kwanza, jioni mbili zinatosha. Kisha mkisome pamoja, yeye akishika kitabu na kufunua kurasa kwa mwendo wake.